Mwalimu Nitazame Hakuwahi Kutupa Mgongo

Mdogo wetu huyu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitindamimba wa fundi viatu, katika nyumba iliyopakana na karakana ya reli. Kelele za pale, jamani! Hata chumvi uliiomba kwa kupayuka.

Alisoma shule ya jirani, kisha chuo cha ualimu, akaajiriwa mwaka 1979. Mwaka 1986 akaletewa darasani binti asiyesikia, mtoto wa fundi bomba. Mwalimu mkuu akamwambia, "Huyu mkalishe nyuma tu, siku ziende." Yeye akamweka mbele, maana binti alisoma midomo. Tangu hapo hakutamka neno akiwa ameelekea ubao. Aliandika kimya, akageuka, ndipo akasema. Watoto wakambandika jina: Mwalimu Nitazame.

Mwaka 1988 aliolewa na dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili. Mazoea yale akahamia nayo jikoni.

"Mama watoto, chakula kinaungua!"

"Kiungue. Nikiongea na sufuria, wewe utaambulia nini?"

Tusifiche, binti yule hakumaliza shule. Mwalimu mkuu aliyefuata alimwondoa kabla ya mtihani, eti asije akashusha matokeo. Mdogo wetu alipigana, akashindwa. Alistaafu mwaka 2018 jambo hilo likimuuma bado.

Mwishoni mwa mwaka jana alipatikana na saratani ya koo. Sauti ikakatika kabisa, mikono ikashindwa hata kushika kalamu. Tulimlaza ubavu, uso dirishani apate hewa, sisi tukakaa upande wa mlango. Midomo ilikuwa ikicheza. Tukadhani anasali.

Juma lililopita binti yule, sasa fundi cherehani, alikuja kumwona. Akazunguka kitanda, akainama, akatazama midomo ile, machozi yakamtoka.

"Anasemaje, mwanangu?" shemeji akauliza, yuko nyuma yake. Ikabidi amzunguke, amuulize tena usoni.

"Anasema, 'Nigeuzeni. Nawapa mgongo.'"

Tukamgeuza. Wiki zote zile aliomba hilo tu, na dirisha ndilo lililomwona. Midomo haikucheza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, alasiri, akitutazama.

Ameacha mume, watoto wawili, kaka yake huyu anayewasomea, na binti yake wa dawati la mbele.

Ndugu zangu, kabla hatujamfunika, tafadhali zungukeni mje upande wa uso wake. Hapo ndipo tumuage. Alale kwa amani.