Aliyemnyima Mama Ardhi Bia

Gari la kamba, lile linaloning'inia angani kwenye waya, lilikuwa likishuka kutoka El Alto, mji wa mlimani, na Basilia, abiria wa tatu ndani yake, akajifanya anatazama mapaa ya nyumba chini. Mbele yake Inspekta Ticona alikuwa akimsimanga roboti mpelelezi mwenzake.

"Bia ilitiwa sumu, wageni tukaumwa, mwenye sherehe akafa. Na wewe, mtaalamu, unamshuku mjane kwa kuwa alimwaga kidogo chini. Hapa kila mtu humwagia Mama Ardhi kwanza. Utafunga mji mzima?"

"Nimekosea, bosi. Kumbe aliyejua kuna sumu asingethubutu kumnywesha Mama Ardhi."

"Afadhali, akili imewaka. Haya, nani hakumwaga?"

"Kwenye picha za sherehe, ni wewe tu, bosi."

Gari likasimama, mlango ukafunguka. Inspekta akamkaribisha Basilia, aliyesikia yote, atangulie, kwa adabu ambayo mama huyo hakuwahi kuiona kwa polisi.