Bi Safu na Kiti cha Hamsini na Saba

Tarehe thelathini mwezi huu mwalimu wetu wa hesabu, ambaye shule nzima inamwita Bi Safu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Nimeombwa kuandika mimi, seremala wa shule, na hawakukosea. Madawati yote ni yangu, mengine niliyapigilia misumari nimefumba macho.

Alipofika, watoto waliimba jedwali la kuzidisha kwa sauti ya kupasua vioo. Lakini ukimuuliza mmoja ghafla saba mara nane, anarudi kuanzia saba mara moja, kama mtu aliyeangusha ufunguo njiani. Mwalimu akaleta vifuniko vya chupa, akawafundisha kuvipanga safu kwa safu. Jina likatokea hapo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye aliyeshindikana. Akifeli tena angerudia darasa, na alishaapa kuacha shule. Mimi niliyeishia la nne, tena kwa heshima zote, nikamfundisha mwenyewe nyumbani: saba mara nane, hamsini na nne. Nikaapa kwamba ndivyo.

Siku mbili kabla ya mtihani kulikuwa na mkutano wa wazazi. Bi Safu akaagiza safu saba za viti vinane vinane. Nikatoa stoo viti hamsini na vinne barabara. Safu ya mwisho ikapungua viwili. Nikamkwida mlinzi shati: mwizi wa viti!

"Mjomba, mwachie," Bi Safu akasema, akamwita mpwa wangu. "Mama, safu tano zina viti vingapi?"

"Arobaini."

"Na mbili hizi, zikijaa?"

"Kumi na sita." Mtoto akanigeukia. "Mjomba! Ni hamsini na sita! Kumbe ni wewe!"

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikadondoka.

Kwenye mtihani hakuimba. Alijenga arobaini, akaongeza kumi na sita, akapita. Leo ni mwalimu, na Jumatatu anaingia darasa lilelile la Bi Safu. Miaka yote nimesema ni damu ya mjomba. Leo nakiri: ni kazi yako, mwalimu.

Asante, Bi Safu. Ukapumzike kwa afya na furaha. Viti vya leo nimepanga mimi, saba kwa nane, na safari hii nimeelewa. Cha hamsini na saba, kile cha mbele chenye mto, ni chako. Umesimama miaka thelathini na mmoja. Keti, mwalimu.