Mkasi Kwenye Jumba la Giza

Benchi liko nje ya saluni ya kunyolea, chini ya bati lililoinama, na mwenye haraka zake asikae hapo. Wa kudumu ni watatu. Mkasi ndiye mwenye saluni. Akinyoa hupiga mluzi uleule mmoja, miaka nenda miaka rudi, mpaka wateja wanauota. Betri hutengeneza simu dirisha la pili. Hakimu ni karani mstaafu ambaye hajawahi kuhukumu kesi hata ya kuku, ila benchini hapo hapiti mtu bila hukumu. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa na roho ya Mkasi ilikuwa juu juu. Mpwa wake, binti aliyelelewa nyumbani kwake, alikuwa ametengeneza mchezo wa simu peke yake, kazi ya miaka miwili, akampa mjomba aucheze amwambie ukweli: uzuri wake na ubovu wake. Mkasi alimwambia ameumaliza. Uongo mtupu, hakuvuka hata chumba cha kwanza. Sasa binti alikuwa njiani kuja kuchukua majibu, na mjomba, aliyekuwa amewarushia wenzake mchezo huo, alikuwa anayaokota kwao.

— Haya, uzuri wake ni upi? — Mkasi aliuliza akimimina kahawa.

— Unatisha, bwana! — Betri alisema. — Kale katoto na taa yake ndogo, peke yake kwenye jumba lile! Kivuli kinapita ukutani, mwenye kivuli humwoni.

— Na lile jitu lisilo na macho, linapapasa kuta, — Hakimu alidakia. — Hakuna damu hata tone, lakini jasho linakutoka. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hapo inaingiaje?

— Jitu ndiye mwenyeji. Fikiri.

Mkasi alikariri kimoyomoyo: kivuli, kuta, jasho. Alijisikia vibaya, mtu mzima anakariri kama anayengoja mtihani.

— Na ubovu?

— Kuruka! — Betri alipiga paja. — Unarukia kabati, kumbe kabati liko nyuma zaidi. Katoto chini, pu! Unarudishwa mwanzo kabisa. Halafu ile milango mitatu, yote sawa, giza totoro. Utajuaje upi ni upi?

— Mimi nimeshagundua, — Hakimu alisema. — Ni ujana, utu uzima na uzee. Yote inakwenda kaburini.

— Wapi! Katoto kameshakufa tangu mwanzo. Ile taa ni ya msibani.

— Basi jitu ndiye daktari.

— Daktari asiye na macho?

— Unadhani mtoto alikufaje?

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — Hakimu alifunga kesi. — Kale kamevunjika mara arobaini mkononi mwangu.

— Lakini mlimaliza? — Mkasi aliuliza.

— Mbona mfupi tu, — Betri alijibu, macho kwenye birika.

— Mfupi mno, — Hakimu alisema.

Binti akatokea, begi mgongoni, karatasi mkononi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba!

— Mjomba, kesho ndiyo naonana na wale wanaotaka kuusambaza mchezo. Nimeshawaambia mjomba wangu kinyozi, hajawahi kucheza mchezo wa simu maishani, ameumaliza bila kusaidiwa.

Masikio ya Mkasi yalipata moto. Hata hivyo akaanza:

— Uzuri wake, mwanangu, ni vivuli. Jasho linakutoka. Ubovu ni ile milango mitatu. Mtu hajui ashike upi.

Binti alikunja uso.

— Kwani mluzi ulitokea mlango gani?

Betri akachungulia kikombe. Hakimu akafunga kifungo kilichokuwa kimefungwa tayari.

— Mluzi gani? — Mkasi aliuliza.

Binti alichukua simu ya mjomba. Sauti imezimwa. Akaomba ya Betri: imezimwa. Ya Hakimu, vilevile. Wazee watatu, kila mmoja kwa siri yake, walizima sauti jitu lilipopiga hatua ya kwanza.

Akarudi kwenye ya mjomba, akafungua sauti na mchezo. Mbao za jumba zikalia, jitu likahema. Kisha, nyuma ya mlango wa katikati, ukaja mluzi. Benchi zima likamgeukia Mkasi. Ulikuwa wake.

— Nilikurekodi ukinyoa, — binti alisema. — Nilipokuwa mdogo, umeme ukikatika ulikuwa unapiga mluzi sebuleni nijue ulipo. Nilikuwa naufuata.

Mkasi aliona aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

— Mwanangu, nilikudanganya. Sikuvuka chumba cha kwanza. Niliogopa. Na hayo niliyokwambia ni maneno ya hawa.

— Na sisi hatukufika popote, — Betri alinong'ona.

— Ungeniambia tu, mjomba, — binti alisema, bila hasira. Alitoa kalamu, akafuta mstari mmoja kwenye karatasi yake ya kesho, ule wa mjomba kuumaliza mchezo.

Mteja alikuwa ameshakaa kwenye kiti, anaita. Mkasi aliinuka, akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Alijaribu kupiga mluzi, midomo ikawa mikavu. Alimnyoa kichwa kizima kimya, na nje benchini simu iliendelea kumwita kwa mluzi wake mwenyewe.