Bi Verlene Tolliver Anaweka Kitana Chini

Wenzangu wa Kikundi cha Dada wa Jumamosi, niwieni radhi. Makala haya mliyahitaji kabla ya Pasaka. Mwanangu Amari anaota meno, na mimi nina zamu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kila nilipokaa niandike, usingizi ulinichukua.

Bi Verlene Tolliver anastaafu Jumamosi, tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na saba ya kujitolea katika chumba cha chini cha kanisa letu hapa mjini Gary. Siku za kazi aliendesha basi la shule. Jumamosi alikuwa wetu sisi, wasichana tuliozaa kabla ya kumaliza masomo.

Hakutuhutubia. Alitusuka. Yeye kwenye kiti, wewe kwenye mto sakafuni, kichwa katikati ya magoti yake. Hamtazamani usoni, kwa hiyo unasema. Ukileta upuuzi, anakuvuta nywele kidogo. Hapo ndipo wengi walisema kwamba hawali, au kwamba nyumbani kuna mwanamume anayewapiga. Jumatatu yake Bi Verlene alivaa kofia yake ya kanisani, akakushika mkono, mkaenda pamoja ofisi ya ustawi wa jamii mpaka mtu akawasikiliza.

Ukimwambia umeacha shule, alisuka upande mmoja tu, kisha akafunga kopo la mafuta.

"Bi Verlene, na huku je?" nilimuuliza siku yangu.

"Huku nitamalizia ukishajiandikisha shule ya jioni."

"Sasa nitatembeaje hivi?"

"Kwa miguu, mwanangu. Shule si mbali."

Nyumbani, mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilijifunga kitambaa, nikanuna, nikaenda. Cheti changu kiko ukutani.

Mbinu hiyo ilishindwa mara moja tu. Msichana mmoja alikwenda nyumbani, binamu yake Latrice akammalizia upande wa pili. Bi Verlene alikigeuza kichwa kile huku na huku. "Mh! Kazi safi. Nani huyu? Mlete." Latrice Odom akaletwa, na hajaondoka mpaka leo. Yule msichana naye alisindikizwa shule akiwa amesukwa vizuri pande zote.

Tangu majira ya baridi vidole vya Bi Verlene vimegoma kukunjika. Alikaza meno akaendelea, mpaka binti aliyekuwa akisukwa akaanza kulia kwa kumwonea huruma. Wazee wa kanisa nao wamesema wazi: asipopatikana wa kuongoza, chumba kitafungwa, kiwe stoo ya viti.

Basi aliniita jikoni, akanikatia pai ya viazi vitamu. "Keyonna, ni wewe."

Nikamwambia nina mtoto, nina zamu, nimechoka.

"Najua umechoka. Humu ndani aliyepumzika nitamtoa wapi?"

Nimekubali. Lakini nilimwambia yeye, na ninyi nawaambia: mama huyu alibeba kazi ya watu wanne, nasi tukamsifu badala ya kumpokea mzigo. Mimi sitabeba hivyo.

Bi Verlene, asante kwa vichwa vyetu na kwa yaliyomo ndani yake. Kaa kibarazani kwako, tia vidole kwenye maji ya moto, na safari hii wewe ndiye usukwe. Siku zako zote zilizo mbele ziwe na afya na vicheko.

Chumba kitafunguliwa Jumamosi, tarehe 6 Juni, saa tatu asubuhi. Bado naomba niletewe: nepi za watoto wanaotambaa; vitana vya meno mapana; mafuta ya nywele, kopo kubwa; mito ya kukalia; feni, maana ile ya zamani imekufa; na wanawake wawili wa kushika watoto, kila Jumamosi, siyo siku wanayojisikia tu. Nepi zikichelewa tutavumilia. Wanawake hao wasichelewe.