Ndege ya Wellars Juu ya Wingu

Kwenye benchi la duka la Muhamadi, njia ya kupandia uwanja wa ndege wa Gisenyi, hakuna jambo lililowahi kuwashinda wenyeji kulieleza. Mpira wa Kongo, bei ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, ugomvi wa wakubwa wa Ulaya, vyote huamuliwa hapo kwa kahawa ya tangawizi, na hukumu haikatiwi rufaa. Asubuhi hiyo ya mwaka 1999 kesi ilikuwa juu ya vichwa vyao hasa. Wingu lilikuwa limelala kutoka ziwani hadi milimani, na juu yake ndege ndogo ilikuwa ikinguruma, inakwenda, inarudi. Ilikuwa ya Wellars, mfanyabiashara wa Kigali anayeirusha ndege yake mwenyewe. Abiria alikuwa Mukashyaka, mke wa fundi cherehani Faradji, aliyetoka kutolewa mtoto wa jicho huko Kigali. Daktari alimkataza mitikisiko ya barabara, na Wellars, ambaye suti zake zote hushonwa na Faradji, akajitolea kumleta.

Faradji, ambaye kijiweni wanamwita Mita kwa ule utepe wa kupimia usiomtoka shingoni, hakuwa amegusa kikombe chake.

— Mita, kunywa kahawa, alisema Ndayisaba, mwenye mashua ya injini kule Rubona, ambaye hata mkewe humwita Kapitene. — Ile ndege iko na satelaiti. Satelaiti iko naona mpaka sindano yako.

Muhamadi, aliyerudi kutoka Tabora na Kiswahili chake kilichonyooka, alimsahihisha. Satelaiti haioni kitu, alisema. Inatuma mawimbi tu, na kile chombo cha Wellars kinayapokea kutoka kwa satelaiti kadhaa, kikajua kiko wapi. Hadi hapo alikuwa sawa, maana Wellars mwenyewe aliwaeleza safari iliyopita. Lakini Muhamadi hajui kukomea penye ukweli. Aliongeza kwamba kila ndege ina satelaiti yake inayoifuata nyuma kama mbuzi na mchungaji, na ya Wellars bila shaka imekwama kwenye mlima wa moto.

— Mwenda pole hajikwai, alimalizia. — Anazunguka ili imfikie.

— Hapana, we, alisema Kapitene. — Satelaiti njo inashika volan, inaendesha ndege. Wellars iko nalala. Basi inangoja aamuke, imuulize kama ishuke. Si wanasema, asiyekuwako na lake haliko?

Wakacheka wenyewe. Faradji hakucheka, kwa kuwa alikumbuka maneno ya Wellars ambayo wenzake waliyameza bila kutafuna. Wellars alikuwa na kibali cha kuruka ndani ya mawingu kwa kufuata vyombo peke yake, bila kuona nje, na satelaiti ingemfikisha hadi juu ya Gisenyi bila taabu. Kushuka ndiko kwenye kazi. Kigali kuna mitambo ya redio inayomwongoza rubani hadi karibu na ardhi hata kukiwa na wingu. Gisenyi hakuna, na njia ya kushukia kwa satelaiti katikati ya milima hii hakuna aliyewahi kuipima. Satelaiti inamleta mpaka mlangoni, alisema Wellars. Kuingia anaingia kwa macho.

Ndiyo maana alipiga simu dukani kabla ya kuruka, akauliza mawingu yakoje. Faradji ndiye aliyepokea. Wingu lilikuwa tayari limefunika ziwa lote. Lakini watu wa hapa hawamwambii mgeni aliye njiani kwamba kwao kubaya. Hata nyumba ikivuja ataambiwa karibu, ni pakavu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena mgeni mwenyewe alikuwa anamletea mke aliyemkosa siku nyingi. Faradji alijibu kwamba kuko muzuri sana, mukuje tu, akakata simu akiuonea fahari ungwana wake.

Xavérine muuza sambaza alifika wakati Kapitene anaeleza jinsi satelaiti zinavyoogopa moshi wa volkano. Alitua beseni lake, akatega sikio juu, akasikiliza mngurumo ukija na kuondoka.

— Kama haone chini, aliuliza, — kwa nini hageuke arudie Kigali?

Muhamadi akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

Faradji alilijua jibu. Wellars hageuki kwa sababu ameambiwa huku kweupe. Anadhani ni kiwingu cha kupita, anangoja tundu, na petroli inapungua.

Aliingia dukani, akapiga ile namba waliyoachiwa na Wellars, ya ofisi ya Kigali inayoongea na ndege kwa redio. Simu ilichelewa kushika. Mtu wa huko, kabla ya lolote, alimuuliza hali ya hewa ya Gisenyi. Lile jibu la adabu lilimjia mdomoni lenyewe, akalimeza.

— Kuko mubaya, alisema. — Tangu asubuhi. Ni mi nilimuambia kuko muzuri, nilimudanganya. Mumuambie asingoje. Arudie Kigali na muke wangu.

Akarudi mlangoni. Mngurumo ulipita juu ya duka mara moja tena, kisha ukashika upande wa Ruhengeri, njia ya kurudi Kigali, ukapungua. Faradji alisimama pale akimsikiliza mkewe akienda mbali, akafurahi.