Mzee Lusajo, Aliyefurahia Picha Iliyowaka

Tarehe 30 Juni 2015, Mzee Lusajo Mwakalukwa anaizima mashine ya eksirei baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi: tisa Kibondo, iliyobaki hapa Kasulu. Alipotoka Tukuyu aliacha koti nyumbani, maana aliambiwa Kigoma ni joto tupu. Julai yake ya kwanza Kibondo alipiga picha za vifua akiwa amejifunika shuka la wodini kwa baridi.

Sisi madaktari tulimwogopa kidogo. "Daktari, huo ni ubavu," aliwahi kuniambia, nami nilishaandika kwamba ni ufa.

Mwaka 2013 alikuja Reverien, mrina asali wa kijiji cha Rungwe Mpya hapa Kasulu, akiharisha na uso ukimpanda joto ghafla. Nilimtibu amiba mara nne. Nilipompa rufaa, Dar es Salaam wakagundua ni uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni, wakataka kumpiga picha kwa dawa yenye mionzi. Akakimbilia nyumbani.

"Naumwa tumbo, nyie mnanitia bomu!"

Mzee Lusajo akamkalisha. "Mwenzangu, nyuki wa porini unajuaje wanakokaa?"

"Nampaka mmoja unga wa muhogo akija kunywa maji, namfuata kwa macho."

"Basi ndiyo hivyo." Akamweleza kuwa chembe za uvimbe ule zina milango inayopokea homoni fulani. Dawa imefanana na homoni hiyo, kwa hiyo inapokewa, na mionzi inayobebwa na dawa huonekana kwa kamera kutoka nje. Reverien akaenda.

Picha ilirudi na madoa matatu yanayowaka. Mkewe, Esteri, akaanza kulia. Mimi nami nilikaribia kulia. Mzee Lusajo akapiga makofi! Tukamtazama vibaya. Kumbe ugonjwa tulishaujua. Yeye aliogopa picha ibaki giza. Uvimbe usiopokea dawa ya picha hautapokea ya tiba, kwani hiyo hupita mlango uleule, ila imebeba mionzi mikali ya kuuchoma kutoka ndani.

Reverien alipelekwa nje ya nchi, akapata dozi nne. Uvimbe haujaisha, lakini umenywea, na msimu huu amerina mwenyewe.

Picha yake ya Agosti nitamsomea mimi. Reverien ameuliza, kwa heshima zote, kama kustaafu kwa Mzee Lusajo hakuwezi kusubiri Septemba.

Mzee wetu, asante sana. Upumzike kwa afya na furaha, wewe na nyumba yako, na simu yako usiizime.