Marehemu Kwanini na Mguu Uliouma Bila Kuwepo

Ndugu wafiwa, majirani, wastaafu wenzake wa jeshi, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwenye jua, sogeeni, turubai bado lina nafasi, maana historia hii mimi mdogo wake wa kumfuata nimeiandika kwa mkono wangu, na yote yaliyomo nimeyashuhudia kwa macho haya mawili, pamoja na kuzaliwa kwake, na dada yetu mkubwa aache kucheka, najua fika kwamba nilizaliwa miaka mitatu baada yake, lakini habari ya siku ile nimesimuliwa mara nyingi mno, nikifumba macho naona mpaka rangi ya beseni.

Marehemu kaka yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 4 Agosti 1966, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu fundi bomba na mama yetu aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali hiyohiyo. Jina alilopewa na wazazi limeandikwa kwenye jeneza, sina sababu ya kulirudia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitumia, maana alipofikisha umri wa kushika spana alimfuata baba kazini na kumuuliza kwa nini maji yanapanda ghorofani bila miguu, baba akajibu, akauliza kwa nini tena, baba akajibu, ilipofika mchana baba akarudi nyumbani amechoka kuliko siku zote na kumwambia mama, "Mchukue Kwanini wako, leo nimefanya kazi mbili," na jina likamganda hapo hapo mpaka juzi.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1974 na kuimaliza mwaka 1980, akaendelea na sekondari, lakini akaondolewa kidato cha pili mwaka 1982, baada ya kuifungua kengele ya umeme ya shule ili aone sauti inakaa sehemu gani, sauti hakuiona, na shule nzima ikakaa darasani mpaka jioni kwa kukosa kengele ya kuwatoa, jambo ambalo wanafunzi wengine hawakumsamehe na walimu hawakulisahau.

Tarehe 15 Januari 1985 alijiunga na jeshi, akiomba kupelekwa kwenye mitambo, wakampeleka jikoni, naye hakununa, akasema sufuria nayo ni mtambo, na ndani ya miaka miwili alikuwa mpishi mkuu wa mesi, akijulikana kambi nzima kwa jambo moja, kwamba katika mesi yake hakuna mtu aliyepata kipande cha nyama kikubwa kuliko cha mwenzake, awe kuruta awe nani. Siku moja kanali alisogeza sahani yake mara ya pili, na marehemu, akiwa amesimama wima na mwiko mkononi, akamwambia, "Afande, nikikuongezea wewe kuna mtoto wa mtu leo anakula mchuzi mtupu," kanali akamtazama, akatazama mwiko, akaenda zake, na nyinyi wastaafu mnaotikisa vichwa hapo mbele mnajua sijatia chumvi.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 na shemeji yetu huyu mnayemwona, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mbele ya geti la kambi, ambaye alimpata kwa kumpelekea aproni ile ile imechanika kila wiki, hata mara ya nne shemeji akaigeuza mkononi na kumuuliza, "Hii aproni yako, baba, inapigana na nani huko jikoni?" naye wiki iliyofuata akaja bila aproni. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye leo ni dereva wa lori, na kijana aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni fundi simu, msimwite sasa hivi, yuko kwenye msiba.

Tarehe 22 Septemba 1992, akiwapelekea chakula askari waliokuwa mstari wa mbele, gari alilopanda lilikanyaga bomu lililotegwa ardhini, dereva akapona, sufuria zikapona, mguu wa kulia wa marehemu haukupona, na katika hospitali ya kambini ukakatwa chini kidogo ya goti. Hapo, ndugu zangu, ndipo maisha yake yanapoanza upya, kwa sababu kabla hata nyuzi hazijatolewa, mguu ule uliokwisha kufukiwa ulianza kumuuma, tena si kuuma kwa jumla jumla, alikuwa anakwambia kabisa kwamba kidole kidogo kimejikunja juu ya mwenzake na hakuna wa kukikunjua. Daktari wa kambi alimwambia, "Wewe, mguu wako tumeufukia sisi wenyewe, unaumwa na nini?" wenzake wakasema anatafuta huruma, mtaani wakasema bomu limegusa na kichwa, na kaka yetu, aliyekuwa tayari kuuliza jambo lolote duniani, akabaki na swali moja tu lililomtia hofu, kama yeye ni mgonjwa au ni mwongo.

Mtu mmoja hakumuuliza. Usiku maumivu yakizidi, shemeji alikuwa anakaa kitandani na kukuna godoro, pale pale ambapo unyayo ungekuwepo, na marehemu anamwelekeza, "Juu kidogo, mama, hapo, hapo hapo," mpaka anapata usingizi, na jambo hilo nimeliona mwenyewe kwa macho yangu, shemeji usinitazame hivyo, dirisha lilikuwa wazi.

Kuanzia mwaka 1993, jeshi likiwa limemstaafisha, alihudhuria hospitali ya wanajeshi wastaafu, ile yenye korido ndefu ya vigae vyeupe na wodi ya chini inayotazamana na chumba cha kufulia, ambako vitanda vinalia kila mtu akigeuka na ukutani pamening'inia miguu ya bandia kama makoti. Mwaka 2014 akaja hapo daktari wa utafiti, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba, ambaye yuko nasi hapa leo, akakaa juu ya stuli katikati ya wodi na kusema amekuja kwa ajili ya watu wanaoumwa viungo ambavyo havipo. Kaka yetu, aliyekuwa amelazwa humo, aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwenye koti jeupe kuyataja maumivu yale bila kucheka.

Daktari akaeleza kwamba kuna kidonge kinachotuliza mishipa ya fahamu, kwamba nusu yao watapewa kidonge chenye dawa na nusu kidonge kisicho na dawa, vyote vinafanana, na hakuna atakayejua nani kapewa kipi, hata yeye daktari, ila mfamasia peke yake, na anayetaka ajiunge na asiyetaka aache. Marehemu akauliza, "Kwa nini wewe mwenyewe usijue?" Daktari akajibu, "Kwa sababu nikijua, jicho langu litapendelea." Jibu hilo lilimpendeza, alilitembeza wodi nzima kama habari ya ushindi, kisha akauliza kama kidonge kikifanya kazi itakuwa na maana gani, akaambiwa kwamba mwenye dawa akipata nafuu kuliko asiye na dawa, itakuwa dalili kwamba maumivu yanatoka kwenye mishipa, si kwenye maigizo. Akatia sahihi siku hiyo hiyo.

Sasa, ndugu zangu, mpishi ni mpishi. Kila mmoja alipewa kichupa chake cha wiki, na marehemu akakitazama cha kwake, akakitazama cha jirani, akawaza kwamba humu wodini kuna watu wanakula na kuna watu wanatazama wenzao wakila, na jambo hilo hakulilea mesini wala hakuwa tayari kulilea hospitalini. Nesi alipotoka, akatandika taulo kitandani, akakusanya vichupa vyote, akamwaga vidonge kwenye bakuli lake la bati la jeshi, akavikoroga kwa kidole, akaanza kugawa, kimoja kimoja, huku koplo mstaafu wa kitanda cha dirishani akilalamika, "Kwanini, hicho chako mbona kinang'aa?" naye akimjibu, "Lete mkono, koplo, hapa hakuna kuchagua mnofu." Wakafanya hivyo kila wiki, kwa miezi mitatu, kwa nidhamu ya hali ya juu, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa kuishi.

Mfamasia, ambaye ni mtu wa chini kabisa ya jengo, chini hata ya wodi ile, na hapandi ngazi bila sababu, siku moja alipanda. Alisimama mlangoni ameshika majibu ya damu, akamwambia daktari kwamba kila mgonjwa ana dawa mwilini, hata wale ambao yeye kwa mkono wake aliwapa vidonge vitupu. Daktari akageuka, akawauliza. Wengine wakatazama dari, lakini kaka yetu alinyoosha mkono, kifua mbele, akisubiri pongezi.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimegawa, daktari."

"Umegawa nini?"

"Vyote. Wodi nzima imekula sawa."

Daktari alikaa kwenye kitanda, kikalia, akavua miwani, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua, kisha akamweleza polepole kwamba sasa hakuna awezaye kusema nani alipona kwa dawa na nani kwa matumaini, na utafiti umekufa. Ndipo marehemu akaelewa kwamba kwenye bakuli lile alikuwa amekoroga na jibu lake mwenyewe. Jioni hiyo hakula. Mpishi, ndugu zangu, alirudisha sahani.

Utafiti ulianza upya mwaka 2016, kwa watu wapya, na nesi akisimama hapo hapo mpaka umeze na ufungue mdomo akague, lakini marehemu hakuruhusiwa tena, kwa kuwa alishakula dawa za kila mtu. Daktari akampa kazi nyingine, kuwaeleza wageni masharti, na wale waliofika asubuhi za siku hizo watawaambia jinsi alivyosimama mlangoni juu ya mguu wa bandia na kusema, "Jamani, hiki si chakula, ukimpa mwenzako nusu umemnyang'anya jibu," maneno ambayo, kwa mtu aliyemnyima kanali nyama, hayakumtoka kwa urahisi. Utafiti ukaisha vizuri, ikaonekana dawa inawasaidia wengi kiasi, akafurahi kwa niaba yao, kisha akauliza, "Na mimi je?" daktari akasema, "Wewe sijui, mzee, siwezi kukudanganya."

Marehemu akasema basi nifungue kipande hiki cha mguu uangalie. Daktari akakataa, akisema moyo wa mzee ni dhaifu, hautastahimili dawa ya usingizi. Akasema basi mtaangalia nikishakufa.

Kikao cha familia kilikaa Julai 2019 sebuleni kwake, na mimi, sifichi, nilisimama na kupiga meza, nikasema kaka yangu hatakatwa mara mbili. Shemeji naye alikuwa upande wangu, akamwambia, "Baba, mguu mmoja uliugawa vitani, sasa na kipande kilichobaki unakigawa hospitali?" Marehemu akasema, "Mama, nitakuwa sikihitaji, ila jibu nalihitaji." Nikapiga meza tena, na hapo shemeji akanigeukia mimi, akaniuliza, "Shemeji, wewe ulishawahi kumkuna?" Nikakaa chini. Shemeji akakubali, kwa sharti moja tu, kwamba watakapomaliza wamshone vizuri, na mshono ataukagua mwenyewe.

Moyo wa marehemu, uliokuwa dhaifu tangu zamani, ulizidiwa mwishoni mwa mwaka 2023, miguu, yaani mguu, ukavimba, pumzi zikawa fupi, akalazwa mara kadhaa katika wodi ile ile, na tarehe 11 Machi 2025 asubuhi, mke wake akiwa pembeni, alifariki dunia. Maneno yake ya mwisho kwa daktari jioni iliyotangulia yalikuwa, "Ukishaona, usiwape majibu ya kukadiria."

Tarehe 13 Machi daktari alituita ofisini kwake, akatuonyesha picha. Mwisho wa kigutu, ndani kabisa, mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba kama kichwa cha kitunguu kidogo, akatueleza kwamba mshipa ukikatwa huendelea kuota ukiutafuta mguu, ukikosa njia hujikunja wenyewe na kuwa fundo, na fundo lile laweza kupeleka habari za maumivu kichwani miaka nenda rudi. Akaongeza, kwa kuwa aliagizwa asikadirie, kwamba wapo wenye fundo kama hilo na hawaumwi. Nikajikuta nauliza, "Kwa nini?" Chumba kizima kikanigeukia. Daktari akasema, "Hatujui bado, ndiyo maana kesho naingia kazini."

Shemeji akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo hakuwa anaigiza?"

"Hata siku moja, mama."

Akaomba aone mshono, akapelekwa, akapitisha kidole juu ya mshono wote, akasema umekaa.

Kwa niaba ya familia naomba kumshukuru daktari wa utafiti, manesi wa wodi ya chini, mfamasia aliyepanda ngazi, na fundi wa miguu ya bandia aliyembadilishia soli bila kuchoka, nawashukuru wastaafu wenzake mliombeba leo kwa hatua moja ingawa hamna miguu ya kutosha, majirani mliotuletea viti, maji na kuni, na wafanyakazi wenzake na binti yetu mliolileta lori.

Mwisho, niliwaambia ndugu zangu hapa asubuhi kwamba juzi niliingia chumba cha maiti peke yangu, nikainama sikioni mwa kaka, nikamweleza habari ya fundo lile mwanzo mpaka mwisho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyekunwa mahali penyewe. Hapo kwenye uso nimeongeza mwenyewe. Uso haukubadilika. Lakini kumwambia, nilimwambia.

Lala salama, kaka yetu. Ulikuwa unaumwa kweli.